Maswali ya Wasomaji: Imeandikwa Kilo Moja, Mizani Inasema Mengine

Mwakeye wasomaji wa Kigoma na mlio mbali. Kawaida ukurasa huu tunachanganya, mara ndoa mara shamba mara mtoto kagoma shule, ila safari hii meseji nyingi zilizoingia ni za uzito wa vyakula vya paketi, na nyingine zimeandikwa kwa hasira mpaka herufi zote kubwa, basi nikachagua nne nizijibu kwa kirefu. Za ndoa zitasubiri, ndoa hazijaandikwa tarehe ya kuisha muda.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Mwanga sokoni, kila siku natumia paketi nane za sembe, zile za kilo moja moja zilizopakiwa, nanunua 1,800. Kuna siku ugali ukawa haufiki, wateja walewale sufuria ileile, nikadhani msaidizi wangu anawajazia watu wake, tukagombana vibaya sana mpaka akalia. Kesho yake roho ikaniuma nikachukua paketi sita nikaenda nazo bucha la jirani tukaweka kwenye mizani yake ya umeme, zikasoma 972, 968, 975, 981, 970 na moja tu ndio 1004. Mwenye duka nilikonunua kanicheka eti unga hukauka mama. Huu ni wizi au kweli unga unapungua? Na nikitaka kushtaki naanzia wapi? – Mama lishe, Mwanga

JIBU: Mama, kabla ya mizani kwanza nenda kwa huyo binti mmalize ugomvi wenu, kwa hesabu hizi hana kosa lolote.

Tuje kwenye namba. Umepima paketi pamoja na nailoni yake, si ndio? Sasa ile kilo moja iliyoandikwa pale mbele, uzito halisi, maana yake ni unga mtupu bila mfuko. Kwa hiyo kusanya mifuko mitupu, usipime mmoja maana mizani nyingi zitashindwa kuuona, weka hata kumi kwa mpigo halafu gawa kwa kumi. Tuseme umekuja gramu 8 kwa mfuko. Toa 8 kila paketi unabaki na 964, 960, 967, 973, 962 na 996, wastani unagonga kama 970, yaani kila paketi unaacha gramu 30 kwa aliyepaki. Unaona ndogo hiyo? Paketi nane kwa siku ni gramu 240, mwezi wa siku thelathini ni kilo 7 na gramu 200, kwa bei yako ni karibu elfu kumi na tatu inaondoka kila mwezi na hujui imeenda wapi. Na yeye anayepaki, kwenye kila paketi elfu moja amebakisha kilo 30 za unga stoo kwake. Ndio maana mtu hapunji nusu kilo, anapunja vijiko viwili vitatu ambavyo mkono haushtuki.

Hiyo habari ya unga kukauka, ni kweli unga unaweza kupoteza unyevu kidogo, lakini hilo mpakiaji analijua kabla yako na ni kazi yake kuliwekea hesabu. Na ni kweli pia hakuna mashine inayojaza gramu 1,000 kamili kila mara, lazima iyumbe, hii ikipungua ile inazidi. Shirika la kimataifa linaloshughulika na vipimo vya kisheria, OIML, limeweka kiasi cha kuvumilia, kwa paketi ya gramu 500 mpaka 1,000 ni gramu 15. Hapa ndipo watu wanapojichanganya, wanadhani basi ni ruhusa ya kuiba gramu 15 kila paketi. Hapana jamani. Wastani wa mzigo mzima hautakiwi kushuka chini ya kilichoandikwa, halafu zinazopungua zaidi ya hizo 15 ziwe chache mno, halafu isionekane hata moja iliyopungua zaidi ya mara mbili yake, yaani 30. Sasa wewe nne kati ya sita ziko chini ya 970. Mashine ikiyumba inayumba huku na huku, hii ya kwako imeegemea upande mmoja.

Ila usikimbilie kwenye grupu la WhatsApp kutaja jina la unga. Nasema hivi kwa sababu nimeona mtu analalamika kihalali kabisa halafu yeye ndio anageuka wa kuitwa kujieleza. Paketi sita zinatosha kukupa shaka, kumtia mtu hatiani bado. Kwanza angalia ile mizani ya bucha ina stika ya ukaguzi ya mwaka huu, imekaa sawa juu ya meza, na kabla hujaweka kitu inasoma sifuri, maana bucha zingine kuna kile kipande cha karatasi au mafuta yaliyoganda pale juu tayari ni gramu kadhaa. Ukiridhika, chukua paketi ambazo hazijafunguliwa, iliyofunguliwa haina ushahidi tena, na risiti, na picha ya ule upande wenye tarehe na namba ya bechi, nenda ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. Wale ndio wenye hiyo kazi kwa Sheria ya Vipimo, Sura 340. Hawatatumia sita zako, watakwenda wenyewe dukani au stoo kuokota sampuli na kupima kwa mizani yao, na ndivyo inavyotakiwa.

Wengi mnakwenda TBS, lile shirika la viwango, na hili, mnasema mbona ina nembo. TBS wao wanaangalia ubora na usalama, na tangu 2019 kazi ya vyakula iliyokuwa TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, ilihamia kwao. Unga unaweza kuwa safi kabisa, hauna sumukuvu, una nembo, na bado ukawa pungufu. Ni mambo mawili tofauti.

Na msidhani ni tabia ya kwetu tu. Juni 2015 idara inayolinda walaji ya jiji la New York ilitangaza kwamba imepima aina 80 za vyakula vilivyofungashwa na maduka ya Whole Foods, na aina zote 80 zikakutwa na paketi zenye uzito usio sahihi. Kilichowashtua wakaguzi ni kwamba kuna vitu kama karanga na mboga zilikuwa na lebo za uzito uleule kabisa paketi baada ya paketi, kitu ambacho mkono wa binadamu hauwezi. Desemba mwaka huohuo kampuni ikakubali kulipa dola 500,000 kumaliza shauri. Kwa hiyo mama hata ukiona mahali paketi za kufungwa kwa mkono zote zimeandikwa 0.500 bila kupishana hata gramu moja, hapo pima.

SWALI: Dada mhariri, mimi napaki dagaa hapa Kibirizi, naweka gramu 250 kwenye nailoni nzito, juu nakunja kadi ya lebo napiga pini za stepla, natuma Dar na Dodoma kwa basi. Juzi mteja wa Dar kanitumia video anamwaga dagaa wangu kwenye mizani inasoma 228, ananiita mwizi mbele ya watu. Naapa nilipima wote 250 kwenye mizani yangu ya mshale. Sasa naogopa wakija wa vipimo wanifungie. Nimekosea wapi? – Mpaki dagaa, Kibirizi

JIBU: Mdogo wangu nakuamini, na nadhani gramu zako 22 nazijua zilipo.

Hiyo kadi ya lebo uliyokunja, pamoja na nailoni na pini, umewahi kuipima peke yake? Mimi nilichukua ya mpaki mwingine wa hapohapo ufukweni inayofanana na maelezo yako nikaenda nayo kwa sonara, wale wana mizani ya kuheshimika, ikaja gramu 9. Yaani unapoona mshale umegusa 250 ndani kuna dagaa 241. Hizo 13 zilizobaki ni maji. Nakumbuka wiki zilizopita mvua zilikuwa zinanyesha mchana, wengi mlianua dagaa hawajakauka vizuri kwa sababu basi linaondoka kesho na mteja keshatuma hela, halafu umepiga pini, na pini haizibi hewa, dagaa akaendelea kukauka ndani ya mfuko njia nzima mpaka Dar. Mteja kapima dagaa mtupu, kapata 228. Hakudanganya na wewe hukuiba, ila sheria haisomi moyo wako, inasoma mizani. Kwa paketi ya 250 kile kiasi cha kuvumilia cha OIML ni gramu 9, na mara mbili yake ni 18, wewe umepungua 22.

Halafu kuna hiyo mizani ya mshale. Hizo za jikoni zina mistari ya gramu 20 au 25, ukisimama kulia unasoma 250 ukisimama kushoto 240, na springi ikichoka ndio kabisa inakuwa ya kukisia. Si mizani ya biashara. Tafuta ya dijitali inayosoma gramu moja moja, na kabla hujainunua kaulize ofisi ya vipimo kama aina hiyo inakubalika kwa biashara na wataikagua lini waibandike stika, kwa sababu kuna mizani nzuri tu machoni ila haikubaliki, na hela yako imeshakwenda. Ukiipata, weka nailoni na kadi na pini zake juu, bonyeza kile kitufe isome sifuri, ndio umwage dagaa.

Kuhusu kukauka, wewe ni mtu wa ziwani, dagaa aliyekauka unamjua, ukimkunja anakatika katikati anatoa mlio, wa kukunjika kama utepe huyo hajawa tayari hata kama juu anang'aa. Siku za mvua usipaki tu, mwambie mteja ukweli. Na achana na pini, kile kimashine cha kuziba nailoni kwa moto si ghali kama mnavyodhani. Halafu jaza mpaka 255 au 257. Najua unasema hasara, gramu kama 6 kila paketi, ukipaki paketi mia mbili na hamsini ni kilo moja na nusu ya dagaa inakwenda bure, sawa, lakini linganisha na ile video.

Nikiwa hapohapo niseme na la mchanga, wewe hukuuliza ila nitasema. Dagaa wanaoanikwa chini wanabeba mchanga, na mchanga ni mzito kuliko dagaa mara nyingi. Nilinunua paketi moja, sitaji ya wapi, nikaitikisa nikamwaga vumbi la chini kwenye sahani likaja gramu 14. Ule ni upungufu pia, kwa sababu lebo imesema dagaa haikusema ufukwe. Anika kwenye chanja.

Lebo yako nimeiona kwenye picha umeandika 250 Gms kwa kalamu. Alama ya gramu ni g ndogo, basi, si Gms si GR si G kubwa. Andika 250 g, ichapwe isifutike, na jina lako na mahali ulipo. Na usidhani ukiandika "takriban" umejikinga.

Wakija wa vipimo usifunge banda ukakimbilia majini kama mwenzako mmoja alivyofanya. Mpakiaji mdogo ambaye ana mizani ya stika na kidaftari anachoandika kila siku kapima paketi kumi za mwanzo zimekuja ngapi, huyo anazungumza na afisa kama mtu anayejua kazi yake. Au nenda wewe ofisini kwao kabla hawajaja, kuuliza ni bure.

SWALI: Mwanangu, nina duka la jumla Kasulu miaka mingi. Duka la mtaa wa pili wamekuja maafisa wakapima sukari na mchele wa paketi wakachukua maboksi mawili, mwenzangu ameambiwa ana kosa. Sasa mie sipaki kitu, nanunua kwa gari linalopita, nitaulizwaje kwa kosa la mtu wa kiwandani? Na hiyo faini ikoje? – Mwenye duka, Kasulu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Jibu fupi utaulizwa, na wewe ndio wa kwanza kuulizwa kwa sababu mzigo umekutwa kwako. Sheria haimtazami aliyejaza peke yake, inamtazama pia anayeuza pungufu ya alichosema anauza. Kinachokutoa wewe kwenye shimo ni karatasi. Mwenzako nimesikia alipoulizwa kanunua wapi akasema "kwa lile gari la bluu". Gari la bluu haliitwi mahakamani mzee. Ukiwa na risiti ya kielektroniki yenye jina la muuzaji na tarehe, na namba ya bechi ya kwenye boksi inaoana, afisa anaondoka kwako anapanda juu kumfuata aliyepaki. Bila hiyo mnyororo unaishia kwenye kaunta yako.

Faini ni hivi. Ukikubali kosa bila kwenda mahakamani, wanasheria wanaita kufifilisha kosa, mtu binafsi analipa kuanzia shilingi 100,000 mpaka milioni 20. Ukikataa mkaenda mahakamani na ukaonekana na hatia ni kuanzia 300,000 mpaka milioni 50, au jela miaka miwili, au vyote pamoja. Hizo ndizo zilezile mnazozisikia kwenye habari za lumbesa, ni sheria moja, wala haijali kama umezidisha gunia ili umpunje mkulima au umepunguza paketi ili umpunje mlaji. Kupanda mpaka mamilioni kulikuja na marekebisho ya sheria, zamani faini ilikuwa ndogo mtu analipa huku anacheka anarudi kazini.

Usikubali kosa kwa sababu umechoka kusimama au wateja wanakuangalia. Omba paketi zipimwe mbele yako, uone mizani ikisoma sifuri, uandike mwenyewe kila namba, uulize mfuko umetolewa au haujatolewa. Wakichukua mzigo waandikishane na wewe idadi na bechi, upewe nakala. Na malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba, benki au kwenye simu, hakuna faini ya kutoa mfukoni na kupeana mkono nyuma ya duka. Mtu akikuambia tumalizane hapahapa muombe kitambulisho kwanza, tena soma mpaka jina.

Kitu kingine ambacho mimi nilikuwa nafanya nikiwa na kiduka changu Ujiji. Mzigo ukishuka kabla dereva hajaondoka natoa paketi tano kutoka maboksi tofauti, si za juu tu, naweka kwenye mizani mbele yake. Mara ya kwanza dereva alinuna. Mara ya tatu yule bwana akaanza kuniletea mzigo mzuri na pungufu akawa anashusha kwa wengine, jambo ambalo halikunifurahisha sana ukweli, ila lilinionyesha kwamba alikuwa anajua fika ni upi ni upi.

SWALI: Dada nimenunua asali Kibondo lita moja, nikaipima ikaja kilo 1.4. Je nimepata faida au muuzaji kakosea? Halafu nyingine nimenunua Kigoma mjini kwenye chupa ya maji ya nusu lita imeandikwa 1 kg. – Mpenda asali, Gungu

JIBU: Hukupata faida na hajakosea, asali ni nzito, lita moja ya asali nzuri ni kama kilo 1.4. Ikija nyepesi sana kuliko hapo ndio uanze kujiuliza kuhusu maji. Mawese ni kinyume chake, dumu la lita 20 ni kama kilo 18 tu, msiwagombeze akina mama wa mawese bure, ila muangalie kama dumu lenyewe halijabonyezwa ubavuni.

Hiyo ya pili sasa. Chupa ya nusu lita ukiijaza asali mpaka inamwagika inabeba gramu 700, kilo moja haiingii humo hata ukiishindilia. Hapo huhitaji hata mizani. Nirushie picha ya lebo, na chupa usiifungue.